Sinia la Maua ya Waridi

Karamu ya harusi Tanga haipikwi kwa vyombo vya nyumba moja. Siku chache kabla, watoto hutumwa mtaani na salamu zilezile: mama anaomba masinia mawili, mama anaomba jagi, mama anauliza kama ile sufuria kubwa iko huru. Jirani hutoa bila kuuliza kitarudi lini, maana mwakani huenda ikawa zamu yake. Ndivyo vyombo vya mtaa mzima vilivyohamia Ngamiani, uani kwa shangazi yangu, alipokuwa anamwoza binti yake mkubwa.

Shangazi ndiye aliyeshika jiko. Alivuta kigoda hadi mlango wa uani, akawa anapokea kila kilichoingia: hiki cha nani, haya, kiweke kule. Mama Mdogo alimshauri atafute daftari. Shangazi akamjibu kwamba yeye amesimamia walima tangu Mama Mdogo hajavunja ungo, na jicho lake halijamdanganya hata siku moja.

"Nimeviona vyote vikiingia," alisema. "Nitaviona vyote vikitoka."

Yaliyomponza ni masinia. Yalikuja kumi na manne kutoka nyumba sita, yote ya bati lililopakwa rangi nyeupe, maua katikati, mstari wa rangi ukingoni. Mengine yalikuwa na waridi, mengine maua ya njano. Ukingo huu wa buluu, ule wa kijani, mwingine mwekundu. Moja, la waridi nyekundu na ukingo wa kijani, lilikuwa la Mama Mandazi wa nyumba ya pili. Aliachiwa na marehemu mama yake, na halitoki kabatini ila kwa harusi na hitima.

Mpishi aliwasili alasiri na sufuria zake juu ya mkokoteni. Usiku kucha kuni ziliwaka, nyama ikachemka, vitunguu vikakaangwa hadi mtaa mzima ukajua kuna shughuli. Maji ya mchele yalipokauka, mpishi akaita mifuniko ili apalie makaa juu, na mifuniko haikutosha, kama isivyotosha katika harusi yoyote. Kila mtu akakimbia, kila mtu akaleta alichokipata. Mchana karamu ikaliwa, watu wakashiba, wakasifu. Sufuria ya mwisho, iliyobaki na ukoko, iliachwa mafigani kwenye kona ya ukuta, imefunikwa, majivu tele juu yake, mpaka mwenyewe atakapoirudia.

Kesho yake asubuhi wasichana waliosha kila kitu, wakaanika juu ya majamvi. Wenye vyombo wakaanza kuja mmoja mmoja. Mama Mandazi alifika na upole wake, akanywa chai, akauzunguka ua, kisha akauzunguka tena.

"Langu silioni," alisema.

Yakahesabiwa: kumi na matatu. Shangazi akashikilia kwamba yaliyoingia ni kumi na matatu. Mama Mdogo akaapa ni kumi na matano. Mabishano yakapanda, na ndipo ndugu yetu mmoja aliposema kwamba alfajiri alimwona binti wa kazi akitoka mlango wa nyuma na kitu cha mviringo ndani ya kanga.

Binti huyo alikuja kwetu kutoka Korogwe. Alikuwa amekesha akiosha vyombo kuliko mtu yeyote pale. Alieleza kwamba alitumwa na Bibi ampelekee sahani ya pilau mama mgonjwa wa nyumba ya kona. Lakini Bibi alikuwa bado amelala, na neno la binti wa kazi halikupewa uzito mbele ya macho ya ndugu yule. Mkoba wake ukaletwa, ukamwagwa juu ya jamvi mbele ya majirani. Doti moja ya kanga, ndara, kopo la mafuta, picha ya mama yake. Sinia halingeweza hata kuingia ndani ya mkoba ule, na kila aliyekuwa na macho aliliona hilo, ila hakuna aliyelisema. Binti hakulia. Aliinama, akaanza kuokota vitu vyake.

Mimi nafundisha saikolojia katika chuo cha ualimu, na kila mwaka hufika kwenye mada ya kumbukumbu ya macho: ni vitu vingapi mtu anaweza kuvishika akilini kwa mara moja baada ya kuvitazama. Sijapata kuona mada hiyo ikihitajika kama ilivyohitajika asubuhi ile. Nikamsaidia binti kufunga mkoba wake, nikamkalisha karibu yangu, kisha nikaomba jambo moja tu: kila aliyeliona sinia lile aje pembeni, peke yake, anieleze lilivyokuwa.

Shangazi alisema waridi nyekundu, ukingo wa buluu. Mama Mdogo alisema maua ya njano, ukingo wa kijani. Ndugu yule wa alfajiri alisema waridi, ukingo mwekundu, tena kubwa kupita mengine yote. Mpwa wangu alikumbuka ukingo wa kijani, maua hakuyakumbuka. Nililinganisha maelezo yao na masinia yaliyokuwa jamvini, na nikaona kwamba hakuna aliyezua kitu. Waridi alizozisema Shangazi alikuwa ameziona kweli, na ukingo wa buluu aliuona kweli, ila kwenye masinia mawili tofauti.

Anne Treisman na Hilary Schmidt walichapisha majaribio juu ya kosa hilihili mwaka 1982. Waliwaonyesha watu herufi za rangi kwa kitambo kifupi mno, huku wakiwa wamewapa kazi ya kuzingatia tarakimu zilizokuwa pembeni. Watu waliripoti herufi ya hapa ikiwa na rangi ya pale, na mara nyingi waliripoti kwa uhakika. Umbo huingia na rangi huingia, lakini kuviunganisha viwe kitu kimoja kunataka mtu atulie juu ya kitu hicho. Shangazi mlangoni hakuwa na utulivu huo. Alikuwa anapokea masinia huku akijibu swali la nyama, akimkemea mtoto aliyepanda juu ya magunia ya mkaa, na akiamkiana na wageni wa upande wa bwana harusi.

"Hayo ni maneno ya vitabuni," Shangazi alinikata. "Mimi nina macho."

Basi tukatumia macho. Nilipanga vikombe vya chai vya rangi mbalimbali juu ya jamvi, nikavifunika kwa kanga. Mama Mdogo akaifunua mara moja, akaifunika. Chini yake mimi nikabadilisha kikombe kimoja, au nikaviacha vilevile, kisha kanga ikafunuliwa tena. Kuna kilichobadilika? Kwa vikombe viwili Shangazi alijibu papo hapo. Kwa vitatu pia. Kwa vinne alifikiri kwanza, akapatia. Vilipofika vinane alianza kubahatisha, na mwenyewe alijua kwamba anabahatisha. Majirani waliomcheka wakaitwa wajaribu nao. Hakuna aliyefanya vizuri zaidi, hata Mama Mandazi ambaye huhesabu chenji za wateja wake kwa kasi ya ajabu.

Steven Luck na Edward Vogel wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha jaribio la namna hiyo katika jarida la Nature mwaka 1997. Badala ya vikombe walitumia miraba ya rangi kwenye skrini. Miraba ilionekana kwa sehemu ya kumi ya sekunde, ikatoweka kwa karibu sekunde nzima, ikarudi. Ikiwa mmoja hadi mitatu, watu karibu hawakukosea kabisa. Kuanzia minne walianza kuteleza, wakazidi kuteleza hadi kumi na miwili. Makadirio yaliyotokana na kazi hiyo ni kwamba macho ya akili hushika vitu vitatu au vinne kwa wakati mmoja. Wako wataalamu wasiokubali kwamba kuna nafasi za idadi maalumu. Paul Bays na Masud Husain wa London walionyesha mwaka 2008 kwamba uwezo huo waweza kuwa mmoja unaogawanywa, hivi kwamba kila kitu kinapoongezeka, picha ya kila kimoja inafifia. Mjadala huo ni mkubwa na mimi naupenda, lakini kwa masinia kumi na manne pande zote mbili zinamwambia Shangazi neno moja.

Kinachonigusa zaidi ni kazi ya zamani ya George Sperling, ya mwaka 1960, kwa sababu inamtendea haki mtu anayeapa kwamba ameona. Sperling aliwaonyesha watu safu za herufi kwa kufumba na kufumbua. Walipotakiwa wazitaje zote, walitaja nne au tano. Kisha akabadilisha utaratibu: mara tu herufi zilipotoweka alipiga mlio, mlio wa juu kwa safu ya juu, wa kati kwa safu ya kati, wa chini kwa safu ya chini. Watu wakataja karibu safu yote iliyoitwa, yoyote ile. Maana yake herufi zote zilikuwa zimeingia. Zilidumu chini ya sekunde moja, na zilifutika wakati mtu bado anazitaja za kwanza. Kwa hiyo Shangazi hakusema uongo aliposema ameviona vyote vikiingia. Aliviona. Hakubaki navyo.

Nilimweleza hivyo, na nadhani ndipo moyo wake ulipoanza kulegea, kwa sababu alikuwa ameanza kuona kwamba namtuhumu uongo mbele ya watu.

Wakati huo watoto walikuwa wamekwisha kugeuza jambo kuwa mchezo wao. Bibi alikuwa ameamka, ameketi kivulini akichambua maharage ya mchana, nao wakawa wanamwibia konzi moja moja, wanayarusha ndani ya sinia jeupe, na kila mtoto anapiga kelele idadi kabla hayajahesabiwa. Mtu mmoja mashuhuri aliufanya mchezo huo karne moja na nusu iliyopita. William Stanley Jevons, mwanauchumi na mwanamantiki aliyefundisha Manchester, Uingereza, aliweka kisanduku cheupe katikati ya sinia jeusi, akawa anarusha maharage meusi kuelekea kisandukuni, anatupa jicho, anataja idadi, kisha anahesabu. Alirudia mara 1,027 na kuchapisha matokeo mwaka 1871. Yakiwa matatu au manne hakukosea hata mara moja. Kwenye matano makosa yakaanza, na yalizidi kadiri maharage yalivyozidi. Kutaja idadi si sawasawa na kukumbuka rangi, lakini ukuta mtu anaougonga uko karibu na mahali palepale. Watoto wa Ngamiani waliugonga hapohapo, wakabishana, wakaanza upya.

Bibi ndiye aliyeuliza kwa nini mkoba wa binti uko nje. Alipoambiwa, aliuweka chini ungo wa maharage.

"Nilimtuma mimi," alisema. "Sahani ya pilau, nikaifunika kwa kanga yangu mwenyewe. Mlinisubiri niamke?"

Hakuna aliyemjibu. Ua mzima ulikuwa umeinamisha kichwa, na ndugu yule wa alfajiri alikumbuka kwamba ana shughuli sokoni.

Lakini sinia lilikuwa bado halijaonekana, na Shangazi bado alikuwa na swali, tena swali zuri. "Kama jicho ni dhaifu hivyo," aliniuliza, "mbona watu waliokuja jana nawajua wote? Mbona nikionyeshwa kanga niliyoivaa mwaka alipozaliwa mtoto wangu wa kwanza nitaitambua?" Jibu ni kwamba hizo ni hazina mbili. Mwaka 1973 Lionel Standing alichapisha majaribio ambamo watu walionyeshwa picha 10,000, kila moja kwa sekunde chache, kwa siku kadhaa. Baadaye waliwekewa picha mbili mbili, moja waliyoiona na nyingine ngeni, wachague. Walichagua sahihi kwa zaidi ya asilimia 80. Hazina ya kutambua ni kubwa mno. Kilicho chembamba ni kile kijia cha sasa hivi, kinachobeba vitu wakati tunavigeuza akilini na kuvilinganisha. Ukubwa wa hazina ya kwanza ndio unaotudanganya tukaiamini ya pili.

Mpishi akapiga hodi kabla ya adhuhuri, amefuata sufuria zake. Alitupa jicho moja kwenye rundo la vyombo vyake akasema, "Upawa mmoja haupo." Na kweli haukuwepo. Shangazi akanitazama, kana kwamba shahidi wake amefika. Lakini vyombo vya mpishi ni seti aliyoizoea. Kwake yeye upawa na mwiko wake na sufuria yake ni kitu kimoja. William Chase na Herbert Simon walilionyesha hili mwaka 1973 kwa wachezaji wa sataranji. Bingwa akitazama ubao wa mchezo halisi kwa sekunde tano, huweza kuupanga upya kwa sehemu kubwa, kwa kuwa anaona makundi anayoyajua. Kete zikitawanywa ovyo ubaoni, hamzidi sana anayejifunza. Masinia ya nyumba sita yaliyoletwa na watoto kwa mafungu, kwa saa tofauti, yalikuwa kete zilizotawanywa ovyo.

Mpishi akaenda kwenye kona ya ukuta. Akashika kitambaa, akainua kilichofunika sufuria ya ukoko, akakung'uta majivu. Chini ya majivu palikuwa na masizi. Chini ya masizi, alipopitisha kidole chenye maji, ukatokea ukingo wa kijani.

Asubuhi nzima tulikuwa tumepita mbele ya kona ile. Watu walikwenda pale kumwaga maji, watoto walijificha nyuma ya sufuria ile. Kila mtu alikuwa anatafuta kitu cheupe chenye maua, na kile kilikuwa cheusi chenye majivu. Mama Mandazi hakuhitaji kuoshewa. Alilipindua, akatafuta kwa kidole upande wa chini pale palipobanduka rangi tangu yeye ni mtoto, akapapata.

"Ndilo," alisema.

"Nani aliliweka hapa?" Shangazi aliuliza.

Mpishi akashangaa. "Si wewe, mama? Niliomba mfuniko, ukanipa kwa mkono wako. Ukaniambia, shika hili hili, mchele usije ukaharibika."

Shangazi hakukumbuka, na mimi namsadiki kabisa. Saa ile alikuwa ameshika akilini mchele, makaa, wageni na binti yake anayepambwa ndani. Vitu vinne. Sinia lilipita mikononi mwake likiwa mfuniko tu, na kama mfuniko likaondoka.

Alifanya alilopaswa kufanya, na alilifanya hadharani kama tuhuma ilivyokuwa hadharani. Alimwendea yule binti, akamshika mikono yote miwili, akamwambia, "Nisamehe mwanangu, nimekudhalilisha." Binti akaitikia kwa adabu kwamba yamekwisha. Hayakwisha. Mwisho wa mwezi alichukua mshahara wake, akaaga vizuri, akapanda basi la Korogwe, na hakuna aliyeweza kumrudisha, si Bibi wala Shangazi mwenyewe aliyempigia simu mara kadhaa.

Vyombo vya nyumba ile sasa vina alama. Shangazi alinunua rangi ya kucha, akaandika herufi chini ya kila sinia na kila sufuria, kama wanavyofanya wanawake wengi wa pwani. Vikiazimwa, huandikwa daftarini mlangoni, na vya kila nyumba hukaa kona yake. Huo si udhaifu. Mwaka 1995 Dana Ballard, Mary Hayhoe na Jeff Pelz waliwatazama watu waliopewa kazi ya kunakili mpangilio wa vipande vya rangi. Watu hawakujaza vichwa vyao. Walirudisha macho kwenye kielelezo tena na tena, mara hii kwa ajili ya rangi, mara nyingine kwa ajili ya mahali. Binadamu hufanya kazi vizuri namna hiyo akiachiwa, kwa kuiacha dunia ishike yale ambayo kichwa hakiwezi kushika. Daftari la Shangazi ni kielelezo hicho.

Kwa hiyo ninyi mtakaosimamia harusi msimu huu, wekeni alama kwenye vyombo kabla havijatoka kabatini, na mwandikeni mwenye chombo kabla chombo hakijapita mlango. Kikikosekana kitu, ulizeni kila mtu peke yake, na funueni kila kilichofunikwa uani. Na mkoba wa binti wa kazi usifunguliwe kwa ushahidi wa jicho lililokuwa linatazama masinia kumi na manne.